Mwali wa Miguu Minne

Bi Sihaba Mrisho wa Mapinga alikuwa na hakika na mambo matatu hapa duniani: kwamba Mungu ni mmoja, kwamba samaki wa barafu si samaki, na kwamba mwanamke hujulikana kwa kitanda alichokitandika. Hilo la tatu ndilo lililomweka mjini kwa miaka thelathini na minane. Alikuwa kungwi. Wasichana waliokaribia kuolewa, kuanzia Kaole hadi Bunju, waliletwa kwake wamefunikwa kanga gubigubi, wakafungiwa ndani siku saba, wakatoka wanajua kuketi, kunyamaza, kupika, kupokea mgeni, na mengine ambayo si ya kuandikwa hapa.

Somo la kwanza lilikuwa kitanda. Shuka ilipaswa kukazwa mpaka isiwe na mkunjo hata mmoja. Bi Sihaba hakuitazama. Alifumba macho, akapitisha kiganja taratibu kuanzia mitoni hadi miguuni, na kiganja kikikwaa pahala, mwali alitandua chote akaanza upya. Walikuwapo walioanza upya mara kumi na tisa. Walikuwapo waliolia. Bi Sihaba aliwaambia walie pembeni, machozi yasidondokee shuka.

Lakini huu ulikuwa mwaka wa pili hajaletewa mwali hata mmoja. Wasichana siku hizi wanafundwa ukumbini na Bi Mina wa mjini Bagamoyo, mwanamke mwenye kipaza sauti, gauni la kumetameta na vijana wa kupiga picha za video, na siku saba zimekuwa saa nne pamoja na chakula. Bi Sihaba alikuwa akiziona video hizo kwenye simu ya Fatu muuza maandazi, anatazama mpaka mwisho, halafu anasema hakuona kitu.

Ndipo zikaja habari kwamba Mahfoudh, yule mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini, anamwoza binti yake Khairiya. Mama wa Khairiya, Sabiha, alifundwa na Bi Sihaba mwenyewe miaka ishirini na sita iliyopita. Ujumbe ulikuwa huu: Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, Sabiha na mama mkwe wake, Bi Hanadi, wangekuja Mapinga kumwona Bi Sihaba. Baada ya hapo wangeamua kati yake na Bi Mina.

Bi Sihaba aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote, na sioni sababu ya kumsitiri katika hilo. Akimpata Khairiya, jina lake limerudi. Akimkosa, basi, atakuwa kikongwe mmoja hapo Mapinga ambaye zamani, inasemekana, alikuwa mtu.

Sasa, jirani yake alikuwa Adila, mfanyakazi wa benki huko Dar, aliyenunua kiwanja, akajenga, akahamia, na ndani ya mwezi mmoja akaibiwa pampu ya maji mara mbili. Mikdad, bwana mifugo, akamletea mtoto wa mbwa. Adila akamwita Kamanda kabla ya kuchungulia, kumbe Kamanda ni jike. Na ulinzi wenyewe hakuuona. Kamanda alitafuna chaja mbili, akararua godoro la kochi, akaficha kiatu kimoja cha kila jozi. Ijumaa, siku sita kabla ya ugeni huo, ofisi ikamtuma Adila Dodoma kwenye semina ya siku kumi, gari limeshafika, na yeye hana pa kumweka mbwa.

Akaja mbio kwa Bi Sihaba na doti ya kanga mkono mmoja na kikapu mkono wa pili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Siketi, bibi. Pokea hii, zawadi yako." Bi Sihaba akapokea kanga, akaikagua ncha zake. Ndipo Adila, akicheka kicheko cha mtu anayechelewa, akasema: "Wewe umefunda mabinti wa pwani nzima. Nakukabidhi na huyu wangu, nifundie."

Kikapu kikatikisika. Kichwa cheusi chenye masikio ya kulegea kikatokeza.

Adila alikuwa anatania. Amekulia Ilala, angejuaje? Lakini kwa makungwi wa upande huu jambo hilo halina utani. Mama wa mwali akikupa doti, ukaipokea, akatamka "nakukabidhi", basi umekabidhiwa. Kungwi anayerudisha doti amejivua ukungwi. Bi Sihaba aligeuka haraka kuona kama yupo shahidi. Fatu alikuwa pale langoni na beseni lake la maandazi kichwani, mdomo wazi.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Nimesikia kila kitu," Fatu akasema, na furaha yake haikufichika.

Kabla ya Magharibi Mapinga nzima ilijua. Kabla ya Isha Bi Mina alishatuma sauti kwenye makundi yote ya WhatsApp ya kina mama wa Bagamoyo, akicheka hadi kukohoa, akiuliza kama mahari ya mwali huyo italipwa kwa mifupa.

Mwingine angemfunga mbwa kwenye mti na kungoja siku kumi zipite. Bi Sihaba hakuumbwa hivyo. Alipiga moyo konde akaamua kwamba kama ni kufunda, atafunda, tena atafunda barabara, na Alhamisi wageni watakuta mwali wa kutolea mfano.

Tatizo la kwanza lilikuwa unajisi. Mbwa hakuingia ndani. Alipewa kibanda cha makuti uani. Bi Sihaba alimfunda kwa ufito mrefu, amesimama mbali kama anayechokoa papai, na pua ile mbichi ilipomgusa, alijiosha mara saba, moja kwa udongo, kama inavyopasa. Kamanda aliuona ule mchezo wa ndoo na udongo kuwa ni wa kumfurahisha yeye. Akawa anavizia. Siku ya kwanza Bi Sihaba alijiosha mara sita, yaani mara arobaini na mbili ukihesabu vizuri, na mkono wake wa kulia ukawa laini kama wa bibi harusi.

Tatizo la pili lilikuwa kitanda.

Alimtandikia mwenyewe: gunia safi lililojazwa majani makavu, juu yake kipande cha shuka kuukuu, kimekazwa kisawasawa, pembe zimekunjwa na kuchomekwa chini. Akafumba macho, akapitisha kiganja. Hakuna mkunjo. "Umeona?" akamwambia mwali. Mwali akainamisha kichwa upande mmoja, sikio likasimama nusu, akamtazama kungwi wake machoni. Bi Sihaba alifurahi mno. Katika wanawali wote aliowahi kufunda hakuna aliyemsikiliza namna ile.

Halafu mwali akapanda kitandani akaanza kuchimba. Alichimba kwa miguu ya mbele kama anayetafuta kisima, shuka ikatoka, majani yakamwagika, akazunguka mara tatu, akajibwaga katikati ya uchafu ule na kushusha pumzi ndefu ya mtu aliyemaliza kazi.

Bi Sihaba akatandika upya. Mwali akachimba upya. Jumamosi alitandika mara ishirini na mbili. Jumapili akashona pembe za shuka kwenye gunia. Kamanda akazing'oa na kuzitafuna, kisha akakimbia uani kwa mizunguko ya wazimu, mkia umekunjwa chini, hakuna anayemfukuza, akapita chini ya kamba ya nguo, akaangusha ndoo ya kujitoharishia, akarudi akalala. Jumatatu akaiba kandambili ya kushoto ya Bi Sihaba, na wala hakuitafuna. Aliibeba kitandani, akaiwekea kidevu, akalala nayo. Na kila asubuhi kungwi alipotoka na kusema "umeamkaje", mwali alitambaa kwa tumbo mpaka miguuni pake na kujikojolea.

"Adabu gani hii," Bi Sihaba alilalamika kwa ukuta, "ya kuamkia watu kwa mkojo?"

Jumanne akampigia simu Mikdad. Bwana mifugo alifika na pikipiki yake, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mikdad, mwanangu, umetuletea kiumbe gani? Kila kitanda ninachotandika anakibomoa. Anaiba viatu. Akiniona anajikojolea. Jioni anapagawa."

Mikdad akachuchumaa. Kamanda akaja, akajikojolea kidogo, akachukua ncha ya suruali yake na kuitafuna.

"Tuanze na hili la mkojo," Mikdad akasema. "Ni mdogo, wewe ni mkubwa. Anakwambia kwamba anajua wewe ni mkubwa. Hiyo ndiyo shikamoo yake, bibi. Atakua ataiacha."

Bi Sihaba akaikaza kanga yake. Amekuwa akiamkiwa kwa heshima siku nne nzima na hajaitika. Akamtazama mwali, akasema kwa uzito: "Marahaba."

"Kutafuna, meno yanamwota, fizi zinawasha. Kiatu anakichukua kwa sababu kina harufu yako. Anakosa mtu wa kulala naye, analala na kandambili. Kukimbia jioni ni nguvu zimejaa, hazina pa kwenda."

"Na kitanda?"

"Kitanda habomoi, bibi. Anatandika."

Bi Sihaba alimtazama kama aliyetukanwa kwa lugha ngeni. Mikdad akaeleza. Mbwa wa kale hakuwa na gunia wala shuka. Alilala nyikani, katikati ya majani marefu. Ilibidi ayakwaruze na kuyakanyaga, azunguke mpaka yalale, na kama kuna nge au nyoka ndani yake, akimbie. Wakati wa joto alichimba afikie udongo wa baridi, wakati wa baridi alichimba shimo la kumkinga na upepo. Na chini ya nyayo ana jasho lenye harufu yake, kwa hiyo akikwaruza pahala anaacha neno: hapa pangu. "Hata ukimpa godoro la hoteli ya kitalii, atachimba. Hawezi kulala kwenye kitanda alichotandikiwa na mtu mwingine mpaka kwanza akitandike yeye."

"Nani kamfunda?"

"Kumfunda nini?"

"Kutandika."

"Hakuna, bibi."

"Mama yake?"

"Mama yake aligongwa na lori la mananasi Kiwangwa, watoto hata macho hawajafumbua. Mimi ndiye niliyewalea, kwa chupa."

"Basi umemfunda wewe."

"Mimi?" Mikdad akacheka. "Bibi, mimi kitanda changu hutandikwa na mke wangu."

Bi Sihaba hakucheka. Hasira zilikuwa zinampanda, na zilikuwa hasira za kikazi. Amekabidhiwa mwali aliyekwisha kufundwa, na hakuambiwa! Baina ya makungwi hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mwali wa mwenzio humgusi mpaka mwenzio akupe ruhusa. Siku nne amekuwa akibomoa kazi ya kungwi mwingine, huku akijiona yeye ndiye anayebomolewa.

"Nataka kumjua kungwi wake," akasema. "Nimwombe radhi."

Mikdad alikuna kichwa. Alikuwa na ng'ombe wawili wa kuchanja kabla ya Adhuhuri. Akanyoosha kidole juu, kuelekea mbinguni.

Bi Sihaba akafuata kile kidole kwa macho. Kisha akaegemeza ufito ukutani. "Huyo," akasema, "siwezi kushindana naye."

Tangu hapo hakumtandikia tena. Alimmwagia majani tu, akakaa kwenye kigoda kutazama.

Alhamisi nyumba ilinuka udi tangu asubuhi. Kitanda kikubwa cha chumbani, kile cha mbao nyeusi ambacho wanawali wote walijifunzia, kilitandikwa shuka nyeupe, kikakazwa, kikanyunyiziwa asumini. Kiganja kikapita macho yakiwa yamefumbwa. Safi. Bi Sihaba akaswali Adhuhuri, akatoka uani kungoja Alasiri.

Kamanda alikuwa anajiandaa kulala. Akakwaruza majani, akayasukuma huku, akayavuta kule, akazunguka mara tatu, akajikunja, akashusha pumzi. Baada ya muda miguu yake ikaanza kwenda mbio usingizini. Alikuwa anafukuza kitu, na alikuwa anakipata, maana mkia ulitikisika.

Bi Sihaba akaona wivu. Hakujua kwanza kuwa ni wivu. Alidhani ni kiungulia. Alikuwa anajiuliza ni lini yeye amelala hivyo. Miaka arobaini na moja ya ndoa marehemu mumewe, Pazi, alilala katikati, amejimwaga, akikoroma kwa raha zake. Yeye alilala ukingoni, amenyooka, mikono ubavuni, shuka isije ikajikunja upande wake. Akaamka wa kwanza ili aivute. Pazi alipofariki, kitanda kizima kikawa chake, na yeye akakiachia wanawali. Analala chini, kwenye mkeka, miaka sita sasa, ili kisichafuke.

Akaingia ndani. Akakisimamia kile kitanda. "Kidogo tu," akasema. "Nitatandika tena kabla hawajaja."

Akasema bismillahi, akapanda kwa magoti yake mabovu, akaingiza vidole kumi kwenye shuka, akachimba. Pembe ya kwanza ilipofyatuka, moyo ulimruka kwa hofu, kama binti anayevunja sahani ya mama yake. Ya pili haikumtisha. Akasukuma mito huku, akavuta blanketi kule, asumini zikaruka hewani, akazunguka kwa magoti mara moja, mara mbili, mara tatu, huku akihema na kujiambia kwamba ana wazimu. Akajibwaga. Mto mmoja akaukumbatia, mwingine akaupachika katikati ya miguu. Akashusha pumzi ndefu, na hakumbuki kilichofuata.

Wageni walifika saa nane, si saa kumi. Dereva wa Mahfoudh alikuwa na saruji ya kupeleka Bunju, akawashusha njiani. Walipiga hodi mbele, kimya. Wakazunguka uani, wakapiga hodi tena. Kamanda akaamka, akaona watu wawili wakubwa, akakumbuka adabu zake. Alitambaa kwa tumbo mpaka kwa yule aliyeonekana mkubwa zaidi, akamwamkia kwenye viatu vyake vya ngozi vya kutoka Muscat.

Bi Hanadi alipiga ukelele uliosikika barabarani. Hata kwa ukelele huo Bi Sihaba hakutoka. Sabiha akaingiwa na hofu, akasukuma mlango, akaenda moja kwa moja chumbani anakokujua tangu usichana wake, na mama mkwe nyuma yake akichechemea na kiatu kimoja mkononi.

Waliloliona ni hili: kitanda kimevurugwa kama kilichopekuliwa na wezi, godoro limekaa mshazari, maua sakafuni, na katikati yake kungwi mkuu wa pwani amelala chali, mdomo wazi, nywele nje, mguu mmoja unapigapiga taratibu.

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema Bi Hanadi. "Wamemuua."

"Nani amekufa?" Bi Sihaba akauliza, akiketi.

Bi Hanadi alimtazama yeye, akatazama kitanda, akatazama kiatu chake.

"Ni shikamoo tu," Bi Sihaba akajieleza haraka alipokiona kile kiatu. "Ulipaswa kuitika marahaba."

Basi mambo yakawa ndiyo yamekwisha. Bi Hanadi alisema, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, kwamba Khairiya atafundwa na Bi Mina. Kwamba amesikia maneno mjini akayapuuza, na sasa macho yake yameona. Kwamba Mungu amlinde mama huyu na maradhi ya uzee. Kisha akatoka kwenda kumpigia dereva simu na kutafuta maji na udongo.

Bi Sihaba alibaki ameketi kitandani. Alikuwa ameumia, na hakujaribu kujizuia. Machozi yalidondoka kwenye shuka ileile, akayaacha yadondoke. Alipoinua macho alikuta Sabiha hajaondoka. Alikuwa amesimama penye kizingiti na mkoba wake, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mitano, anakodolea kitanda.

"Ulikuwa unalala?" Sabiha akauliza.

"Nilikuwa nalala."

"Usingizi wenyewe?"

"Wenyewe. Tangu nizaliwe sijalala hivyo."

Sabiha akatazama nyuma, akarudisha mlango.

"Bibi, miaka ishirini na sita mimi nalala ukingoni. Nimenyooka, kama ulivyonifunda. Saa kumi alfajiri nimeshaamka navuta shuka kabla mtu hajaiona. Mahfoudh hata haitazami. Nilimuuliza mwaka jana shuka yetu ya rangi gani. Hajui." Akajishika kiuno. "Mgongo unaniuma, bibi."

Bi Sihaba aliwaona wote kwa mpigo, wanawali wake, kutoka Kaole hadi Bunju, mamia ya wanawake walionyooka ukingoni mwa vitanda vyao wakiogopa kiganja chake. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Nje honi ya gari ikalia. Bi Hanadi akaita jina la mkwewe. Sabiha aliweka mkoba chini, akavua viatu.

"La Khairiya siliwezi," akasema. "Keshaamua mama. Na mimi je?"

Bi Sihaba akajisogeza ukutani, akampisha katikati. Sabiha akapanda, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaenda kunyoosha pembe ya shuka iliyokunjamana. Bi Sihaba akaupiga kofi dogo.

"Acha hiyo," akasema. "Chimba."

Sabiha akachimba, honi ikilia.